Habari Kuu ya Koplo Kisoda na Kulabu ya Angani

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, mlio na kazi na mnaojifanya mna kazi. Acheni yanayosubiri yaendelee kusubiri, mtegee sikio habari ambayo tangu wanadamu waanze kusimuliana mambo makubwa haijapata kusimuliwa, kwa sababu mbili: kwanza ni kubwa mno, na pili imetokea Alhamisi iliyopita. Sitawaletea wafalme waliobomoa ngome, wala majemadari waliovuka mito na farasi wao wakiwa wameloa. Hao wamekwisha kupata wa kuwasifu, na wengine wamesifiwa kupita kiasi. Nitawaletea mwanamke mmoja, pete moja ya chuma na kulabu moja iliyoning'inia chini ya tumbo la helikopta, niwaeleze jinsi pete hiyo ilivyoingia katika kulabu hiyo.

Nawe Mola uliyeumba pepo zote, nijalie pumzi ndefu, kwa maana sentensi nilizozikusudia si fupi. Ewe ulimi wangu, usinitelezee mbele za watu. Nanyi mnaonong'ona huko nyuma kwamba pete ni pete tu, vumilieni, au nendeni mkasimame wenyewe chini ya helikopta inayoelea, halafu mrudi tuzungumze.

Alikuwako, basi, katika kambi moja ya jeshi, shujaa aliyeitwa Koplo Kisoda. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na makuruta wenzake siku ya kwanza ya gwaride, walipogundua kwamba aliyesimama nyuma yake ndiye pekee aliyekuwa akiona mbele bila shida. Mwingine angenuna, akaenda kushtaki. Yeye alilipokea jina la kifuniko cha chupa ya soda kama watu wapokeavyo cheo, na tangu siku hiyo ukimwita kwa jina la cheti cha kuzaliwa alikuwa haitiki, akidhani anaitwa mtu mwingine.

Kisoda huyu, Mlinzi wa Mablanketi, Mtawala wa Magodoro, Mshika Funguo wa Stoo ya Nyuma, alikaa miaka na miaka akiwatolea mablanketi askari waliokwenda kuokoa watu kwenye mafuriko na maporomoko ya udongo. Yaliporudi yameganda tope aliyapokea, akayafua, akayakunja upya. Lakini tope lenyewe hakuwahi kuona lilikotoka, na jambo hilo lilimkera rohoni kama punje ya mchanga ndani ya buti. Basi jeshi lilipotangaza kwamba linaunda kikosi cha kupeleka vifaa vya dharura kwa helikopta, pale ambapo barabara zimekatika na daraja limekwenda na maji, Kisoda aliweka funguo za stoo mezani, akaenda kujiandikisha kabla wino wa tangazo haujakauka.

Akakimbia, akawashinda wenye miguu mirefu. Akafunga mafundo huku amefumba macho. Akambeba mgongoni majeruhi wa kujifanya, mtu wa kilo nyingi aliyekuwa akicheka njia nzima. Likabaki jaribio moja tu, nalo ndilo lililomleta katika vitabu vya historia.

Jueni kwamba helikopta ikija kuchukua mzigo mkubwa haitui chini. Huja ikaelea juu ya mzigo, chinichini kabisa, na juu ya mzigo huo wamesimama watu wawili. Wa kwanza ana fimbo yenye waya uliochomekwa ardhini. Huigusisha kwenye kulabu kwanza, ili umeme ambao chombo kimejikusanyia angani uteremke udongoni, kwa sababu atakayeishika kulabu kabla ya fimbo atatikiswa mpaka akumbuke madeni ya utotoni. Wa pili ndiye mfungaji. Ana pete ya chuma inayokusanya mikanda yote ya mzigo, naye huinyanyua akaitia kulabuni, wakaruka chini wote wawili, wakakimbia. Rubani hawaoni, kwani wako chini ya tumbo la chombo chake. Macho yake ni mtu wa tatu, mpiga ishara, anayesimama mbele kidogo. Mikono yake ikipiga chini, rubani hushuka. Mikono ikinyooshwa pembeni, rubani hutulia palepale alipo. Maneno hayatumiki, kwa sababu katika kishindo kile hata mawazo yako mwenyewe huyasikii.

Mzigo wa siku hiyo kwa jina ulikuwa pampu za kunyonyea maji, mahema na machela. Kwa hakika ulikuwa mifuko ya mchanga ndani ya kreti lililofungwa wavu, kwa sababu bwana stoo mpya alikataa katakata kutoa pampu ambazo hazijatolewa hata kwenye nailoni zake, eti zikaangushwe na watu wanaojifunza. Lakini askari wote waliufunga mchanga ule kwa heshima ya pampu, na mimi nitaueleza kwa heshima hiyohiyo.

Mshika fimbo alikuwa askari kijana aliyeitwa Mlingoti, ambaye Mungu alipokuwa anamuumba alisahau kusimama. Mikono yake ingeweza kuanika nguo kwenye nyaya za simu. Hakuwa na makuu. Alipenda mkate, usingizi na amani. Mkufunzi wao alikuwa Meja mmoja, Bwana wa Kipenga, mtu wa haki na wa hasira, aliyepuliza kipenga chake chini ya helikopta mwaka hadi mwaka bila hata mtu mmoja kukisikia.

Na mpiga ishara alikuwa Sajenti Mikono, hodari wa mahodari, ambaye kambi nzima ilikiri kwamba angeweza kuishusha helikopta juu ya kikombe cha chai bila kumwaga chai. Nyumbani mikono hiyo haikupata kuonekana ikishusha hata sufuria jikoni, lakini hayo tuyaache, maana nayajua kwa kuwa nyumba yao imepakana na yangu. Sajenti Mikono alikuwa mume wa Koplo Kisoda. Waliitana Baba Mapacha na Mama Mapacha, kwa sababu ya watoto wao wawili waliokuja kwa mpigo. Ila ndani ya uzio wa uwanja wa mafunzo hapakuwa na mume wala mke. Palikuwa na Sajenti na Koplo, na sheria hiyo wote wawili waliitii kwa miaka yote.

Asubuhi ile wenzake Kisoda walifunga mmoja baada ya mwingine, wakashuka wakipigana makofi mgongoni. Ikafika zamu yake. Meja alikwisha kutangaza kwamba mafuta ya helikopta si maji ya mto, kwa hiyo kila mfungaji ana nafasi tatu, na ya tatu ikimshinda atarudi alikotoka. Kisoda alisikia neno hilo akaona mablanketi.

Akapanda juu ya mzigo. Ngurumo ikaja kutoka mashariki ya uwanja, vumbi likainuka likawa ukuta, majani yakalala chini yakiomba msamaha, na kofia ya Meja ikamtoka kichwani, ikaenda zake kuelekea uzioni, naye akaipulizia kipenga irudi. Kulabu ikashuka. Ikashuka tena. Kisha ikatulia juu ya kichwa cha Kisoda, na Kisoda akainyanyua pete, akasimama kwa vidole vya miguu, akajivuta mpaka mbavu zikalalamika. Kati ya pete na kulabu palibaki upana wa kiganja. Mlingoti aliigusa kulabu kwa fimbo yake bila hata kunyoosha kiwiko, akamtazama mwenzake kwa huruma. Walikaa hivyo mpaka Meja akapunga mkono, na helikopta ikainuka mikono mitupu.

Mara ya pili shujaa aliamua kuruka. Kuruka kumekatazwa, na sababu ya kukatazwa aliijua dakika ileile, kwa kuwa aliruka kabla Mlingoti hajaigusisha fimbo, vidole vyake vikaifikia kulabu kabla ya pete, na umeme wote wa mbingu ulioandaliwa kwa ajili ya udongo ukampitia yeye. Alikaa kitako juu ya mchanga wa serikali, nywele zikiwa zimesimama chini ya kofia ya chuma. Waliokuwa pembeni walicheka, na mimi niliyekuwepo sitajitia mtakatifu. Nilicheka pia.

Meja aliokota kofia yake, akaja akasimama mbele ya kikosi, akatoa hotuba. Alisema kwamba ushujaa si urefu, la hasha, na yeye binafsi amewahi kuwaona warefu waoga wengi. Lakini kulabu ni kulabu, mkono ni mkono, na kati ya hivyo viwili kuna hesabu ambayo hata jenerali haibadilishi kwa amri. Basi helikopta itakwenda kujaza mafuta, ikirudi Koplo atajaribu mara ya mwisho, na ikishindikana Mlingoti atashika pete. Mlingoti alipotajwa alitazama nyuma kuona kama kuna Mlingoti mwingine.

Kisoda alikwenda kunywa maji karibu na lori la mafuta. Rubani naye alikuwa ameshuka, anajinyoosha mgongo. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, naye alimuuliza Kisoda kama bado vidole vinamwasha. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba yeye anaweza kushuka mpaka akamkalia kofia, hilo si tatizo. Tatizo ni Sajenti. Kwa wenzake Koplo wote Sajenti alimshusha rubani mpaka ikabidi wafungaji wakunje magoti. Kwa Koplo anamsimamisha juu, mara zote mbili, na rubani hana ruhusa ya kubishana na mikono.

Kisoda aliweka kikombe chini. Moto ulimpanda kutoka kwenye nyayo, na safari hii haukuwa umeme.

Alimkuta mumewe nyuma ya gari la zimamoto, anafuta miwani ya vumbi ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Baba Mapacha," akasema.

Sajenti akatazama kulia na kushoto. "Koplo, tuko kazini."

"Mimi niko kazini. Wewe bado uko nyumbani, ndiyo maana nakuita hivyo. Unaisimamisha mapema."

Sajenti alianza na upepo. Akaenda kwenye vumbi. Akapitia hali ya ardhi, mteremko, na jua lililokuwa likimpiga machoni, na Kisoda akamwacha apite huko kote mpaka njia zikamwishia. Ndipo Sajenti Mikono, Mfalme wa Ishara, Mshusha Vyuma, akaiweka miwani juu ya bampa, akanena.

"Nisikilize, mke wangu, na ukicheka sitasema tena. Wengine wakisimama pale naona askari na mzigo. Naangalia, napima, nashusha. Ukipanda wewe, lile dude likianza kukujia kichwani, naona chuma chote kile kinamshukia mama wa watoto wangu, na anayekiita ni mimi. Kwa mikono yangu mwenyewe. Naiambia mikono ipige chini, inagoma. Sijawahi kuamua kusimamisha hata mara moja. Inanyooka yenyewe pembeni, nami naishangaa kama wewe unavyoishangaa."

Kisoda hakucheka. Kwa muda mfupi hasira yake ilikosa pa kukaa, kwa sababu katika miaka yao yote mume huyu hakuwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo, wala mazuri hivyo, na ilimuuma kwamba amechagua kuyasema siku anayomharibia maisha.

"Sikiliza na wewe," akasema. "Umekwenda kwenye mafuriko mara ngapi? Na kila mara blanketi nilikupa mimi. Ulipokuwa huko, unadhani nilikuwa nalala? Nilikuwa nakunja yaliyobaki. Nikimaliza nayakunjua, nakunja tena, kwa sababu sikuwa na kingine cha kushika. Niliogopa mpaka nikazoea kuogopa. Lakini hata siku moja sikukunyima blanketi ili usiende. Leo wewe unaninyima helikopta."

Sajenti akakohoa. "Na nikikosea je?"

"Ukikosea utamkosea na Mlingoti. Naye ana mama."

Upande wa pili wa gari Mlingoti, aliyekuwa akila mkate wake kwa amani, aliacha kutafuna.

"Nishushie kama unavyowashushia wenzangu," Kisoda akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya chini. "Au kama huwezi, nenda kwa Meja umwambie ukweli, aweke mtu mwingine wa ishara. Nitakuheshimu. Ila usiniache nirudi stoo, kambi nzima ikisema ni kimo changu, na wewe ukijua siyo."

Sajenti alichukua miwani yake kwenye bampa, akaivaa, akaenda uwanjani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Sasa, enyi wasikilizaji, shikeni viti vyenu, na msio na viti mshikane ninyi kwa ninyi, kwa maana tumefika penyewe. Ngurumo ikarudi. Vumbi likasimama. Meja, aliyeelimika, safari hii alishika kofia yake kwa mikono miwili, na kipenga kikabaki kinaning'inia kifuani bila wa kukipuliza. Kisoda alipanda juu ya mzigo na pete yake, Mlingoti akapanda na fimbo yake, na juu yao mbingu ikawa ya chuma, ikawa na misumari, ikawa na mafuta yanayonuka. Kulabu ikashuka. Ikashuka tena. Kisha Sajenti Mikono akanyoosha mikono pembeni, na kulabu ikatulia.

Ilitulia palepale pa mwanzo. Upana wa kiganja.

Kisoda aligeuza uso kumtazama mumewe katika lile vumbi. Hakuwa na ruhusa ya kumpa rubani ishara, wala hakuwa na mkono wa kutolea, kwa kuwa yote miwili ilikuwa juu na pete. Hakuruka. Hakusimama kwa vidole. Alisimama kwa nyayo zake zote mbili, kimo chake chote kile kidogo alichopewa, akangoja. Aliogopa, na nasema hivyo kwa sababu alinieleza mwenyewe: hakuiogopa helikopta, aliogopa kwamba mtu yule pale mbele atampenda hivyohivyo mpaka mwisho, naye atakunja mablanketi mpaka kustaafu.

Mikono ya Sajenti ilibaki imenyooka pembeni. Sote tuliiona. Mkono wa kulia ukaanguka kidogo, kama wa mtu anayesinzia, ukarudi juu. Kisha yote miwili ikapiga chini. Mara moja, taratibu. Ikapiga tena. Ikapiga tena na tena, na lile dude kubwa likatii, likashuka, likamkaribia, na upana wa kiganja ukaisha, na Sajenti hakuacha, akapiga chini kama mtu anayefukia moto, mpaka Mlingoti akapiga magoti, mpaka Mlingoti akalala kifudifudi juu ya mchanga akiwa ameinyoosha fimbo yake juu kama anayeomba asamehewe, na Koplo Kisoda, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akalazimika kuinama ili asigongwe na kitu.

Fimbo ikagusa kulabu. Umeme ukaenda udongoni kwenye haki yake. Kisoda akaitia pete kulabuni bila kunyoosha hata kiwiko, ikalia *ka*, mlio mdogo ambao hakuna aliyeusikia, na mimi nauandika kwa kuwa najua lazima ulikuwepo.

Wakaruka chini, wakakimbia, Kisoda mbele na Mlingoti nyuma akitema mchanga. Mikanda ikakaza. Kreti likatikisika, likaaga ardhi, likapanda. Helikopta ikauzungusha mzigo ule uwanja mzima, juu ya mabweni, juu ya jiko, juu ya stoo ambayo bwana stoo alitoka mlangoni akainua macho, ikaurudisha, ikauweka palepale ulipotoka. Mchanga uliopanda ukashuka ukiwa mchanga uleule. Hakuna mji uliookolewa, hakuna mtu aliyevushwa popote, na bado kikosi kizima kilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Meja alitangaza kwa kauli kuu kwamba Koplo amefaulu na ni mfungaji wa kikosi kuanzia saa ile. Akaongeza kwamba katika utumishi wake wote hajaona helikopta ikishushwa chini namna ile, na asingependa kuiona tena. Mlingoti alishukuru kwa niaba ya mama yake. Naye Sajenti Mikono akaja kutoka upande wake wa uwanja, uso mzima umekuwa wa vumbi isipokuwa mistari miwili chini ya miwani, akasimama wima mbele ya mkewe.

"Koplo," akasema, "nilishusha vya kutosha?"

"Ulipitiliza, Afande. Ilibidi niiname."

"Basi kesho nipandishe kidogo?"

Kisoda alivua glavu, moja kisha nyingine, akamtazama kutoka chini hadi juu, safari ndefu kwa mtu wa kimo chake.

"Thubutu," akasema.

Vita vikubwa humalizwa kwa mikataba yenye kurasa na mihuri, na ikivunjwa watu huanza upya. Mkataba wa vita hivi ulikuwa neno hilo moja, nao uliwekwa mbele ya mashahidi wote wa kikosi. Ijumaa nilisimama uzioni makusudi, nikautazama ukitimizwa: pete ikiwa mkononi mwa mke, mikono ya mume ikipiga chini, chini, chini, na Mlingoti tayari amelala.